Ridhaa na Malipo: Chipukizi wa Mpira wa Kikapu wa Garissa kati ya Chuo Kikuu na Ligi za Kulipwa

1.0 Utangulizi

Lugha ya michezo katika Kiswahili huwagawa wachezaji katika makundi mawili: wachezaji wa kulipwa na wachezaji wa ridhaa. Istilahi hizi zimezoeleka zaidi katika ndondi, ambako husikika kila mara habari za ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa. Makala haya yanazitumia kuchunguza suala ambalo limezua mjadala mkubwa katika mpira wa kikapu tangu mwanzoni mwa karne hii: je, kijana wa miaka 16 au 17 mwenye kipaji aingie ligi ya kulipwa, au aende chuo kikuu kucheza kwa ufadhili wa masomo? Mjadala wenyewe uliibuka Marekani, lakini sisi tutautazama tukiwa Garissa na kaunti jirani za Wajir na Mandera. Hoja yetu ni kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa kwa kawaida, humchukulia kijana kuwa tayari ana uwezo wa kuridhia. Kaskazini Mashariki mwa Kenya, uwezo huo ndio unaopaswa kujengwa kwanza.

2.0 Dhana ya ridhaa

Neno ridhaa lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kukubali jambo kwa hiari bila kushurutishwa. Lugha kadhaa za Ulaya humtaja mchezaji asiyelipwa kwa neno lenye asili ya Kilatini linalohusu kupenda. Kiswahili kimeshika njia nyingine. Hakisemi kwamba mchezaji huyo anaupenda mchezo, kwani hata anayelipwa aweza kuupenda, bali kwamba amekubali kucheza bila ujira.

Istilahi hii basi inatudai tuulize maswali mawili. Kwanza, je, mchezaji amekubali kweli, au hana njia nyingine? Pili, aliyekubali ni nani: kijana mwenyewe, mzazi, kocha au wakala? Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo tunapozungumzia mkataba wa kijana wa miaka 16, tunazungumzia pia ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Maswali haya mawili yatatuongoza katika sehemu zinazofuata.

3.0 Chimbuko la ligi za kulipwa kwa chipukizi

Hadi mwaka 2005, kijana wa Marekani aliweza kutoka shule ya sekondari na kuingia moja kwa moja katika NBA. Kobe Bryant alifanya hivyo mwaka 1996, na LeBron James mwaka 2003. Mwaka 2005 ligi hiyo na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba mchezaji lazima awe anafikisha miaka 19 ndani ya mwaka wa usajili na, kwa Mmarekani, mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake lihitimu sekondari. Mwaka huo mmoja ndio ulioleta tatizo. Wengi waliupitisha chuoni, ambako walipewa karo, chakula na malazi, lakini walikatazwa kupokea ujira. Wakati huohuo, vyuo vilivuna fedha nyingi kutokana na matangazo ya televisheni. Waliitwa wachezaji wa ridhaa, ilhali ridhaa yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefungiwa mlango mwingine.

Baadhi walitafuta njia ya kando. Mwaka 2008 Brandon Jennings alikwenda kucheza Roma, Italia, badala ya kuingia chuoni, na mwaka uliofuata akachukuliwa na Milwaukee. LaMelo Ball alicheza Lithuania mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 16, kisha Australia, na mwaka 2020 akachaguliwa wa tatu katika usajili wa NBA. Baadaye ligi za kulipwa ziliwafungulia chipukizi milango kwa makusudi. Mwaka 2020 NBA iliunda timu ya Ignite kwa ajili ya vijana waliotaka kulipwa badala ya kwenda chuoni. Mwaka 2021 ikaanzishwa Overtime Elite huko Atlanta. Ligi hiyo iliwaahidi vijana wa kuanzia miaka 16 mshahara usiopungua dola 100,000 kwa mwaka, pamoja na masomo ya sekondari. Iliahidi pia fedha za karo ya chuo kwa yule ambaye baadaye angeamua kuacha kucheza kwa kulipwa. Ndugu pacha Amen na Ausar Thompson walitoka humo na kuchaguliwa wa nne na wa tano mwaka 2023.

Hata hivyo, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ignite ilivunjwa mwaka 2024, miaka minne tu baada ya kuundwa. Sababu kubwa ni kwamba vyuo vyenyewe vilikuwa vimeanza kuwa mahali pa kupata pesa. Kuanzia Julai 2021 mwanafunzi aliruhusiwa kuuza jina na sura yake kwa matangazo, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa ufupi, mpaka kati ya ridhaa na kulipwa uliokuwa umelindwa kwa miongo mingi ulifutika katika muda wa miaka michache.

4.0 Njia ya Mwafrika

Je, mabadiliko haya yanamfikia kijana wa Afrika Mashariki? Mfano wa karibu ni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Uganda, kisha akajiunga na akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal. Kupitia mpango maalumu wa ligi ya BAL, alicheza dhidi ya watu wazima wanaolipwa, ikiwa ni pamoja na kuichezea City Oilers ya Kampala mwaka 2024, bila kupoteza nafasi yake ya kuingia chuoni. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 17, aliichezea Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika usajili wa NBA. Methali ya mshika mbili moja humponyoka haikumhusu yeye, kwa kuwa mpango wenyewe ulibuniwa ili ashike yote mawili. Naye Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliyepitia Saly na kisha kulipwa akiwa Ignite, aliruhusiwa mwaka 2025 kujiunga na Chuo Kikuu cha Santa Clara.

Ni vyema, hata hivyo, msomaji atambue tofauti moja kubwa. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inabana sana ruhusa yake ya kufanya kazi ya malipo. Ndiyo maana wageni wengi hawakunufaika na mageuzi ya mwaka 2021 kama wenzao Wamarekani. Anayemwambia mzazi wa Garissa kwamba siku hizi vyuo vya Marekani vinalipa anasema ukweli nusu.

5.0 Hali ya Kenya

Nchini Kenya, mgawanyo wa chuo na ligi haukuwahi kuwa mkali kiasi hicho. Katika Ligi Kuu ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu Kenya, timu za vyuo vikuu kama Strathmore, USIU na Zetech zimekuwa zikikutana na timu za waajiri kama vile Halmashauri ya Bandari (KPA), Ulinzi ya jeshi na Equity. Kwa miaka mingi, kilichomvutia mchezaji hodari katika timu za waajiri ni ajira yenyewe: nafasi bandarini, jeshini au benki. Mfumo huu haukumtajirisha mtu, lakini ulikuwa na hekima yake, kwani goti lilipoharibika kazi ilibaki.

Timu ya Nairobi City Thunder, iliyopata wamiliki wapya mwaka 2023, ndiyo iliyoonyesha kwa dhahiri mkondo mwingine, ule wa kuwalipa wachezaji kwa kazi ya kucheza. Mwaka 2025 ikawa timu ya kwanza ya Kenya kushiriki BAL. Kwa upande wa chuo, Tylor Ongwae, aliyefunga kikapu cha ushindi dhidi ya Angola mwaka 2021, alisoma na kucheza Marekani kabla ya kulipwa Ulaya. Madina Okot alitoka Zetech, akaenda Mississippi State mwaka 2024, kisha South Carolina mwaka 2025. Njia zote mbili zipo, basi. Linalobaki ni kuuliza zinaanzia wapi.

6.0 Kijana wa Garissa

Tusidhani kwamba mchezo huu ni mgeni kwa jamii ya Kaskazini Mashariki. Wasomali wanauita kubadda koleyga, yaani mpira wa kikapu, muundo uleule wa Kiswahili. Mwaka 1981 timu ya taifa ya Somalia ilishika nafasi ya tatu katika ubingwa wa Afrika uliochezewa Mogadishu. Kinachokosekana ni mambo matatu.

La kwanza ni mwalimu. Katika shule zetu nyingi kocha ni mwalimu wa darasani. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwaka 2014, ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 yaliyoua watu 148, na ya Kamuthe mwaka 2020, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Alipoondoka mwalimu wa hisabati, mara nyingine kocha aliondoka naye. Bila kocha, shule haifiki katika mashindano ya kitaifa ya sekondari, ambako vyuo na klabu huenda kutafuta vipaji.

La pili ni hati. Ufadhili wa masomo huhitaji pasipoti na uthibitisho wa umri; mkataba wa kulipwa nje ya nchi huhitaji vilevile. Kwa miaka mingi wakazi wa kaunti za mpakani walipigwa msasa zaidi ya Wakenya wengine kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais alipoufuta utaratibu huo mjini Wajir Februari 2025. Wapo pia Wakenya walioandikishwa utotoni kama wakimbizi Dadaab ili familia zipate chakula, kisha wakanyimwa vitambulisho walipofika utu uzima. Naye mkimbizi halisi wa kambi za Dadaab huhitaji kibali hata cha kutoka kambini. Hawa huzuiwa na kikwazo kimoja katika njia zote mbili.

La tatu linawahusu wasichana. Hadi mwaka 2017, kanuni za FIBA zilikataza kufunika kichwa uwanjani. Bilqis Abdul-Qaadir, Mwislamu wa Marekani, alicheza chuoni akiwa na hijabu yake hadi mwaka 2014, lakini kanuni hiyo ikamzuia kucheza kwa kulipwa ng'ambo. Kwake chuo kilikuwa wazi na ligi imefungwa. Kanuni imeondolewa, sasa binti wa Garissa hadaiwi kuchagua kati ya imani na ujira, ingawa bado anahitaji uwanja na saa ambazo wazazi wake wataridhia acheze.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayamshauri kijana achague ligi au chuo. Yanapendekeza kipimo. Mkataba wowote, wa chuo au wa klabu, upimwe kwa maswali haya: nani analipa masomo, nani analipia matibabu ya jeraha, timu ikivunjwa kijana anabaki na nini, na je, anaweza kurudi darasani?

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini mikataba ya michezo na fomu za ufadhili kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mzazi anayetia sahihi au alama ya kidole kwenye karatasi asiyoielewa hajaridhia, ameandikiwa kuridhia. Vyama vyetu vya Kiswahili vinaweza kutafsiri mifano ya mikataba hiyo kwa lugha nyepesi na, kwa ushirikiano na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Garissa, kuifikisha kwa Kisomali pia. Kazi hiyo haihitaji uwanja wala fedha nyingi, na kabla haijafanywa tutakuwa tukilitumia neno ridhaa mahali ambapo maana yake haipo.