Taa Iliyozimwa Usiku wa Kuamkia Ukaguzi

Katika jimbo la California nchini Marekani, magari mengi ya petroli yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hupimwa moshi kila baada ya miaka 2, na bila cheti cha kipimo hicho usajili wake hauhuishwi. Kwa gari lililoundwa mwaka 2000 au baadaye, mkaguzi haingizi tena mpira wa kupimia katika bomba la moshi kama ilivyokuwa zamani. Huinama chini ya usukani, akachomeka waya kwenye soketi yenye matundu 16, na kuiuliza kompyuta ya gari habari zake.

Aghalabu hutokea hivi. Taa ya njano ya injini imekuwa ikiwaka kwenye dashibodi kwa miezi kadhaa, na mwenye gari ameizoea kama mtu anavyozoea kikohozi chake. Usiku wa kuamkia ukaguzi anaazima kifaa kidogo cha kusomea hitilafu, anabonyeza kitufe cha kufuta, na taa inazimika. Mwingine huchomoa waya wa betri kwa muda, akapata matokeo yale yale. Asubuhi anafika kituoni na gari lisilo na dosari inayoonekana, kisha anaambiwa kwamba gari lake haliko tayari kupimwa. Arudi siku nyingine. Wengi huondoka wamekasirika, wakidhani kwamba mkaguzi anatafuta ada ya pili.

Kumbe kompyuta imesema kweli. Tangu magari ya mwaka 1996, kila gari dogo la petroli linalouzwa Marekani limetakiwa kuwa na mfumo unaojichunguza lenyewe likiwa barabarani. Mfumo huo hutazama kama kuna silinda inayokosa kuwaka, kama mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa, kama vitambuzi vya oksijeni vinafanya kazi, kama mvuke wa petroli unavuja kutoka kwenye tanki, na kama kisafisha moshi bado kinasafisha. Kisafisha moshi hicho, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega kwa sababu ndani yake kuna vijitundu vingi kama sega la nyuki, hugeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kabla hazijatoka nje. Kwa jumla, taa hutakiwa kuwaka pale hitilafu inapoweza kuufanya moshi uzidi mara moja na nusu ya kiwango kilichoruhusiwa.

Anayefuta hitilafu hafuti taa peke yake. Anafuta pia kumbukumbu ya uchunguzi wote uliokwisha kukamilika, na kompyuta inaanza na ukurasa mtupu. Ikiulizwa asubuhi hiyo, haisemi kwamba gari ni zima wala kwamba ni bovu. Inasema kwamba bado haijachunguza. Daktari aliyeletewa mgonjwa mlangoni na kuombwa cheti cha afya papo hapo angejibu vivyo hivyo.

Ukali huu una historia yake. Katika miaka ya 1940 wakazi wa Los Angeles walianza kufunikwa na ukungu wa rangi ya kahawia uliochoma macho na koo. Lawama zilielekezwa zaidi kwenye viwanda, hadi Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya mananasi, alipoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba jua linapopiga mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni huzaliwa ozoni. Chanzo kikubwa cha viambato hivyo kilikuwa magari. Sheria zilifuata polepole, masega yakaenea kuanzia magari ya mwaka 1975, na hewa ikaanza kubadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waliwafuatilia watoto wa eneo hilo kwa miongo miwili, wakapima nguvu ya pumzi zao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto waliofika umri wa miaka 15 wakiwa na mapafu dhaifu kwa kiwango cha kitabibu walipungua kutoka asilimia 7.9 hadi asilimia 3.6, sambamba na kupungua kwa nitrojeni dioksidi na vumbi laini hewani. Mapafu hukua utotoni na ujanani; nafasi iliyopotea wakati huo ni vigumu kuirudisha. Ndiyo maana kitufe cha kufuta si suala la mwenye gari na serikali yake tu.

Wahudumu wa kliniki za kisukari wanaijua tabia hii vizuri. Mgonjwa anayekula apendavyo kwa wiki kumi, kisha akajinyima siku mbili kabla ya kliniki, huja na sukari nzuri ya asubuhi na uso wa ushindi. Kipimo cha HbA1c humsaliti, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120 na hubeba habari za wiki nyingi zilizopita. Waunda magari nao wana HbA1c yao. Magari mengi kuanzia ya mwaka 2010 huweka hitilafu za kudumu ambazo hakuna kifaa wala kuchomoa betri kunakoziondoa. Kompyuta huzifuta yenyewe baada ya kurudia uchunguzi na kuridhika. Tangu Julai 2019 California huzisoma katika ukaguzi, isipokuwa kama gari limetembea angalau maili 200, yaani takriban kilomita 320, na injini imepata moto mara 15 au zaidi tangu hitilafu zilipofutwa.

Kuliandaa gari kwa haki, basi, huanza kwa kulitengeneza. Baada ya hapo kinachotakiwa ni kuliendesha. Uchunguzi wa silinda na wa mafuta hufanyika karibu muda wote injini inapowaka, lakini mwingine husubiri hali yake maalumu. Ule wa mvuke wa petroli kwa kawaida hutaka gari liwe limelala usiku kucha na kupoa kabisa, na tanki lisiwe tupu wala kujaa; kati ya robo na robo tatu panafaa. Ule wa masega hutaka injini iliyopata moto na mwendo usiobadilikabadilika kwa dakika kadhaa kwenye barabara kuu. Kila kampuni ina masharti yake, na kitabu cha gari au fundi anaweza kuyaeleza. Kwa magari mengi, siku chache za safari za kawaida, za mjini na za barabara kuu, hutosha. Betri isichomolewe katika kipindi hicho. Kifaa kile kile kilichotumika kufuta huonyesha ni uchunguzi upi haujakamilika, hivyo mtu anaweza kujua kabla ya kulipa ada. Kwa magari ya petroli ya mwaka 2000 na baadaye, California huvumilia uchunguzi mmoja tu usiokamilika: ule wa mvuke wa petroli.

Hapa lipo jambo ambalo maelezo ya mafundi hulipita haraka. Utaratibu wa kuandaa gari mara nyingi huanza na kuwasha injini iliyopoa na kuiacha ingurume dakika kadhaa. Pasiwe ndani ya banda la gari, hata mlango ukiwa wazi. Masega yaliyopoa hayasafishi. Huhitaji joto la mamia ya nyuzi kwanza. Kaboni monoksidi inayotoka haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu wa nyumba moja wakifika hospitali pamoja wakilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mhudumu asitulizwe na kipimo cha kidoleni kinachosoma asilimia 98: kifaa cha kawaida hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na sumu. Wapewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja, na damu ipimwe kwa mashine inayoweza kutofautisha.

Magari yenye soketi na kompyuta za namna hii yamejaa pia Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, mengi yakiwa yametumika kwanza Japani. Safarini au baada ya kufika, baadhi hupoteza masega yake, kwa kuwa ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, madini ya bei kubwa. Taa huwaka, na mahali ambapo hakuna anayeiuliza kompyuta, fundi huizima kwa kitufe au hubandika utepe mweusi juu yake. Taa inayowaka bila kukatika inatoa nafasi ya kwenda kwa fundi siku hizo hizo. Inayomwekamweka hudai kupunguza mwendo papo hapo na kuegesha mapema iwezekanavyo, kwani petroli isiyoungua inaingia katika masega na kuyaunguza.

Kliniki ya pumu inayouliza kuhusu jiko la mkaa na sigara inaweza kuongeza maswali machache. Gari la nyumbani huwashwa wapi asubuhi? Ndani yake hunuka moshi au petroli? Dereva wa daladala mwenye kikohozi kisichoisha aulizwe pia kama taa ya injini inawaka; na akijibu kwamba iliwaka lakini fundi aliizima, aulizwe ni kifaa gani kilichobadilishwa siku hiyo.