Sauti Ipite Kwanza

Saa mbili usiku Ibadakuli, kata ulipo uwanja wa ndege wa Shinyanga, dada anaongea kwa video na mumewe aliye mgodini Geita. Picha inaganda, sauti inakatakata. Wengi wetu hapo tunakimbilia kununua bando kubwa zaidi, na fedha hiyo mara nyingi inapotea bure.

Sauti husafiri kwenye intaneti ikiwa imekatwa vipande viitwavyo pakiti, kwa kawaida 50 kwa sekunde. Hata kwa mfumo wa zamani wa kugeuza sauti kuwa data, G.711, mazungumzo hutumia kilobiti 64 tu kwa sekunde, ukiacha anwani za pakiti zenyewe. Ni kidogo mno. Sauti inachodai ni kuwahi: ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni. Video ya YouTube haina haraka hiyo, kwani simu huivuta sekunde kadhaa mbele ya unapotazama.

Sasa kijana wa nyumba hiyohiyo aanze kupakia video TikTok kupitia ruta ileile. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua, hivyo video inaijaza, na pakiti ya sauti inakwama kama bodaboda nyuma ya malori ya pamba kwenye mizani ya kiwanda. Ruta nyingi hutunza foleni ndefu kupita kiasi badala ya kutupa pakiti mapema, na sauti huweza kuchelewa hata sekunde nzima. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni iitwayo CoDel. Yenyewe huangalia pakiti imesubiri muda gani, kisha hutupa chache ili mtumaji apunguze kasi. Toleo lake la fq_codel, linalogawa zamu kwa kila mkondo wa data, limo ndani ya mfumo endeshi wa Linux, bure kabisa.

Njia nyingine ni alama. Tangu 1998 pakiti ina biti 6 za kuandikia daraja, na sauti hupewa namba 46 ili ipite kwanza. Ndani ya mtandao wa hospitali au mgodi hilo hufanya kazi vizuri. Nje, kampuni za simu zinaweza kuifuta alama hiyo, na zina haki: kila mtu angejiandikia 46. Lakini kampuni hizohizo, zinapopitisha simu za kawaida juu ya 4G, huzipa daraja maalumu, huku WhatsApp ikipanga foleni na kila kitu kingine.

Foleni nzuri haiongezi uwezo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima ilihisi. Ila uwezo unapopungua hivyo ndipo mpangilio unapoamua nani ataongea na daktari na nani atasubiri.

Mwenye shule, zahanati au ofisi Ibadakuli, kabla ya kuongeza bando pima ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, huku mtu akipakia video. Ikiruka kutoka milisekunde 50 hadi 800, tafuta SQM, mpangilio wa foleni unaotumia kanuni kama fq_codel, kwenye ruta yako, uiwashe, uweke kikomo cha kupakia karibu asilimia 90 ya kasi uliyopima. Nayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inapokagua ubora wa huduma, ije kupima ucheleweshaji huku kwetu, saa mbili usiku.