Choo Kinachovuja Huiba Maji Usiku na Mchana

Bwana mkulima, na wewe mama mkulima, mvua inayonyesha juu ya milima ya Nyandarua hainufaishi viazi na ng'ombe wako peke yao. Sehemu ya maji hayo huingia katika bwawa la Sasumua, huko Kinangop Kusini, lililokamilika mwaka 1956. Kutoka hapo huteremka kwa bomba hadi matangi ya Kabete, upande wa magharibi wa Nairobi. Bwawa kubwa zaidi, la Ndakaini katika Murang'a, lilikamilika mwaka 1994. Hata hivyo maji hayatoshi mji, na watu wa Kawangware, Kangemi, Kilimani na Lavington wamezoea kuyapata kwa mgawo.

Basi mwanao aliyepanga chumba Kawangware, na wewe uliyejenga nyumba ya kudumu shambani yenye tangi la mvua, mna adui mmoja. Adui huyo ni choo cha kuvuta maji ambacho vipande vyake vimechakaa.

HESABU YAKE

Tuseme maji yanayovuja hujaza chupa ya nusu lita kwa dakika tano. Ni kidogo sana, hata sauti huisikii. Lakini kwa saa moja ni lita 6, na kwa siku moja ni lita 144. Maji hayo yanaweza kunywesha ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa siku 30 ni lita 4,320, yaani mitungi 216 ya lita 20. Tangi lako la lita 5,000, hata kama hukuchota kikombe kimoja, litakauka kabla ya siku 35. Ukiwa katika kiangazi, utafanya nini?

JINSI YA KUKIJUA CHOO KINACHOVUJA

Jioni, watu wakiisha kulala, tia buluu kidogo ya kufulia nguo ndani ya tangi la choo. Mtu yeyote asivute maji kwa nusu saa. Kisha tazama bakuli la choo. Ukiona rangi, maji yanapita.

Sasa fungua mfuniko wa tangi. Maji yapaswa kusimama kama inchi moja chini ya mdomo wa bomba la kutolea maji yaliyozidi. Kama yanamwagika ndani ya bomba hilo, kosa liko katika vali ya kuingizia maji. Kama yako chini ya mdomo huo na bado rangi imefika katika bakuli, kosa liko chini ya tangi.

VALI NA BOYA

Kwanza, inua boya kwa mkono. Maji yakikoma, boya limekaa juu mno. Kama mkono wake ni wa shaba, upinde kidogo kuelekea chini. Kama ni wa plastiki, zungusha skrubu yake. Tikisa boya pia: likiwa na maji ndani, limetoboka, na dawa yake ni boya jipya.

Pili, kama umeinua boya na maji bado yanaingia, mpira mdogo ulio ndani ya vali, yaani wosha, umeliwa. Jambo hili hutokea sana mjini, kwa sababu maji ya mgawo yanaporudi katika mabomba makavu huja na mchanga na kutu. Fanya hivi:

1. Funga koki ya maji, kisha vuta choo ili tangi liwe tupu.
2. Kwa koleo, ondoa pini ya miguu miwili inayoshika mkono wa boya.
3. Toa kipande cha shaba kilicho ndani ya vali, fungua kifuniko chake, utoe wosha ya zamani.
4. Safisha kila kitu kwa kitambaa, utie wosha mpya na kurudisha vipande kama vilivyokuwa.

Kabla ya kurudisha, pitisha kidole juu ya mdomo ambao maji hutokea. Kama una mikwaruzo, wosha mpya italiwa upesi. Heri ununue vali nzima.

CHINI YA TANGI

Choo cha kubonyeza kitufe kina pete ya mpira chini ya mtambo wake. Aina nyingi za mtambo huo hutoka ukiuzungusha robo ya mzunguko kuelekea kushoto. Ioshe pete kwa maji ya uvuguvugu. Kama imekuwa ngumu au imepasuka, weka nyingine.

Choo cha zamani cha mkono au mnyororo hakina pete hiyo. Kina kiwambo chembamba ndani. Ukilazimika kuvuta mara tatu ndipo kifanye kazi, kiwambo kimechanika. Funga maji, maliza yaliyomo ndani ya tangi, fungua nati kubwa iliyo chini yake, utoe mtambo na kubadili kiwambo. Kama uko mbali na duka, kata kingine kwa nailoni nene, ukifuata mfano wa kile cha zamani.

UNAPOKWENDA KUNUNUA

Usiende dukani na maneno matupu. Funga kipande cha zamani katika kitambaa, ukichukue. Katika maduka ya River Road, au yale ya vifaa vya ujenzi huko Kawangware na Kangemi, mwenye duka akikiona atakupa kinacholingana nacho. Tena mwambie maji yako yanatoka wapi. Bomba la mji husukuma kwa nguvu, na vali yake ina tundu dogo. Tangi la mvua lililo chini husukuma kwa unyonge, na vali yake yataka tundu kubwa. Ukichukua vali ya mjini kuitia shambani, tangi la choo litajaa polepole mno. Ukichukua ya shambani kuitia mjini, huenda isiweze kuyazuia maji.

MAMBO YA KUEPUKA

Usikaze nati kwa nguvu zote, maana tangi la kaure hupasuka, nalo ni ghali. Usitie dawa kali za kusafishia ndani ya tangi, kwa kuwa hula mpira. Usiweke tofali ndani ili kupunguza maji. Hubomoka, na mchanga wake huharibu vali. Chupa iliyojazwa maji yafaa zaidi, mradi isiguse boya.

Mkulima, wosha moja bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kutoka Njabini mpaka Nairobi. Kwa hiyo ukifika mjini nunua mbili: moja utie leo, na ya pili uiweke sandukuni pamoja na koleo na bisibisi. Kisha mwonyeshe mwanao jinsi ya kuitia, ili asingoje fundi huku maji yakipotea.