Umemvuta Mteja Kwenye Tovuti, Je, Unajua Kumtunza?

Kumpata mchumba ni kazi, lakini kuishi naye ndiyo shughuli yenyewe. Mteja naye ni hivyo hivyo. Kama una biashara ndogo na tovuti isiyokuletea kitu, soma hapa kabla hujamlaumu fundi.

Hivi wewe, ni lini mara ya mwisho ulifungua tovuti ya biashara yako kwa simu, ukajifanya mteja? Usijibu haraka. Wengi wakishamlipa fundi na kuona jina lao linang'aa juu ya ukurasa, wanafunga na kusubiri oda. Miezi inapita, simu haiiti, na nyumbani maneno yanaanza: "Mama watoto, si nilikwambia hela ile tungenunulia cherehani?"

Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Shoga yangu mmoja na mumewe wanashona mashuka na mapazia Sinza, Dar es Salaam. Walifika mahali pa kuulizana kila siku nani alileta wazo la tovuti. Mume alitaka waongeze hela ya matangazo. Mke akasema wateja wanakuja, ila hawarudi. Nilikaa nao Jumamosi mbili, simu mkononi, tukaipitia tovuti yao ukurasa kwa ukurasa. Tuliyoyakuta nimeyaona pia kwa mwenye saluni, kwa mpishi wa keki na kwa jamaa anayekodisha viti vya harusi, kwa hiyo sina shaka na wewe yatakugusa.

Na tuelewane mapema: kila mmoja wao alikuwa na nusu ya ukweli. Kuvuta ni kazi moja, kutunza ni nyingine. Tuanze na ya kwanza.

Ongea lugha ya mteja

Juu kabisa ya ukurasa wao kulikuwa na Kiingereza kizito kuhusu suluhisho la vitambaa vya nyumbani. Jamani! Nani anaamka asubuhi Mwananyamala akatafuta "suluhisho"? Mtu anaandika "shuka 6 kwa 6 bei gani" au "mapazia Dar es Salaam". Kama maneno hayo hayapo popote kwenye ukurasa wako, unaiachia Google kazi ya kubahatisha. Tukaandika: "Mashuka na mapazia ya kushonwa, Sinza, Dar es Salaam." Basi. Kila bidhaa ikapewa ukurasa wake, kwa jina ambalo wateja wenyewe wanalitumia.

Kuna kitu kingine cha bure ambacho wengi wanakiacha, nacho ni wasifu wa biashara kwenye Google, ule uliokuwa ukiitwa Google My Business hadi mwaka 2021. Unaweka mahali ulipo kwenye ramani, saa za kufungua, namba ya simu na picha. Angalia tu kwamba saa na namba hizo zinafanana na zile za kwenye tovuti. Mteja akikuta namba mbili tofauti, anajiuliza ipi ya kweli, na hapo umeshamchosha.

Halafu jina la tovuti, lile linaloishia .co.tz. Linalipiwa kila mwaka, kwa hiyo andika tarehe yake kwenye kalenda ya ukutani. Pia hakikisha limesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako, siyo la fundi. Fundi akihama mji, au mkikorofishana, jina lisiondoke naye.

Bando ni la mteja, siyo lako

Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha tisa, zote vile vile zilivyotoka kwenye kamera, kila moja MB 4 na zaidi. Piga hesabu: MB 36 zinaondoka kabla mtu hajaona bei hata moja. Mteja wako yuko kwenye daladala, mtandao unasuasua, bando linakaribia kuisha. Unadhani atasubiri? Mwaka 2016 Google walitoa takwimu kwamba asilimia 53 ya ziara za tovuti kwa njia ya simu hukatizwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Sekunde tatu tu, hata chai hujaikoroga.

Dawa yake haina gharama. Punguza upana wa picha mpaka kama pikseli 1,200, kisha uikandamize ishuke chini ya KB 200. Kwenye simu bado itaonekana safi. Ondoa video inayojicheza yenyewe na mapambo yanayorukaruka. Ukimaliza, ingia PageSpeed Insights, huduma ya bure ya Google, andika anwani ya tovuti yako, nayo itakuonyesha kinachoibebesha mzigo.

"Bei njoo inboksi"? Acha mara moja!

Hili ndilo lililonitia hasira. Picha nzuri, shuka linavutia, bei hakuna. Mume akajitetea: "Akiuliza ndiyo tunapata nafasi ya kumshawishi." Shemeji, hapana. Mtu anayelinganisha bei saa nne usiku kitandani hataki kuanza mazungumzo na mtu asiyemjua. Na akiona bei imefichwa, anahisi itapangwa kwa kumtazama alivyo. Anaondoka kimya, nawe hutajua kama alipita.

Mashuka yakapata bei, ukubwa na aina ya kitambaa: pamba tupu au mchanganyiko, 5 kwa 6 au 6 kwa 6, foronya ngapi. Mapazia yanategemea dirisha, kwa hiyo tuliweka mfano: dirisha la futi 5 kwa 5, kitambaa hiki, pamoja na kushona, kuanzia bei hii. Mteja anajipima mwenyewe kama mfuko wake unaruhusu.

Upange vipi? Mwaka 2006 mtaalamu Jakob Nielsen alieleza jinsi macho ya watu yanavyopita kwenye ukurasa wa intaneti: yanasoma mistari ya juu, kisha yanateremka upande wa kushoto yakirukaruka. Kwa hiyo usiweke historia ya kampuni juu. Anza na unachouza, bei, ulipo, na kitufe cha kupiga simu au kufungua WhatsApp papo hapo. Historia ikae chini, atakayeitaka ataifuata.

Mpe sababu ya kukuamini

Matapeli wa mtandaoni wametufanya wote tuwe na wasiwasi, kwa hiyo mteja mgeni anakuja na shaka mkononi. Mtoe shaka hiyo. Piga picha za kazi yako mwenyewe, shuka likiwa juu ya kitanda halisi na mwanga wa dirishani, usiazime picha za kigeni. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa simu lifanane na jina la biashara. Sema wazi kitu kikiwa na kasoro mtafanya nini, na ndani ya siku ngapi.

Halafu anwani yako ianze na https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kimekuwa kikiitangaza tovuti isiyo nayo kuwa si salama. Cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo fundi akikutajia bei kubwa, muulize anakuuzia nini hasa.

Ahadi ndiyo ndoa

Sasa tuje kwenye nusu ya mke. Kwa nini hawarudi?

Jibu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: "Tunafikisha mzigo popote ndani ya saa 24." Popote! Watu wawili, cherehani mbili, na bodaboda mmoja wa kuaminika. Mteja wa Mbeya alisubiri siku nne, akapokea shuka zuri tu, na hakurudi tena. Shuka halikuwa na kasoro. Ahadi ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Tukaifuta na kuandika ukweli: "Dar tunapeleka Jumanne na Ijumaa. Mikoani, mzigo unapanda basi kesho yake baada ya kushonwa, na tunakutumia jina la basi na picha ya risiti." Mume alihofia wamejishusha. Baada ya wiki kadhaa mke akanipigia: simu za "mzigo wangu uko wapi?" zimepungua, na mama mmoja wa Dodoma kaagiza mapazia ya chumba cha pili. Mtu hakasirishwi na Ijumaa kama uliahidi Ijumaa.

Kwenye kujibu nako waligawana zamu: mke mchana, mume jioni, na tovuti ikasema wazi kwamba meseji zinajibiwa saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kitu kikiisha, kinaondolewa siku hiyo hiyo. Kazi hiyo ndogo ya kila siku ndiyo inayofanya tovuti ionekane ina wenyewe. Na nikwambie kitu, zamu hizo zilipunguza hata ugomvi, maana kila mmoja akajua lipi ni lake.

Kisha kukawa na daftari. Ukishapima madirisha ya mtu, tunza vipimo. Mwaka ujao akitaka mapazia mapya, anachagua kitambaa tu. Nani atakwenda kuanza upya kwa mshonaji mwingine? Ila omba ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mteja, na hata bila sheria, namba ya mtu siyo ya kugawa. Akikataa kutumiwa matangazo, mwache kwa amani.

Jaribio la mama mdogo

Kuna kipimo kimoja cha bure kinachonipendeza kuliko vyote. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti yako, mwambie "ninunulie shuka la 6 kwa 6", halafu funga mdomo. Usimsaidie. Pale kidole kinaposita ndipo wateja wako wanapokimbilia.

Shoga yangu alimpa mama yake mdogo. Mama akaenda vizuri mpaka kwenye fomu ya oda: baruapepe, sanduku la posta, nenosiri. Akavua miwani. "Mwanangu, nenosiri la kununua shuka?" Tulicheka, lakini ujumbe ulifika. Fomu sasa ina vitu vitatu: jina, simu, na mahali pa kupeleka.

Na ile hela ya matangazo? Waliitoa, kidogo kidogo, baada ya kurekebisha haya yote. Hualiki wageni nyumba haijafagiliwa.

Usitake kumaliza kila kitu kwa siku moja. Wiki hii weka bei. Wiki ijayo shughulikia picha. Inayofuata, soma kila ahadi iliyoandikwa na mwulizane kwa dhati: hii tunaiweza? Msiyoiweza, ifuteni usiku huo huo. Mteja husamehe tovuti isiyo na mbwembwe. Aliyedanganywa hatakugombeza hata kidogo, atahamia kwa jirani tu. Kazi kwenu!