Makosa Yanayomwokoa Bakteria

Siprofloksasini, ile sipro ya UTI na homa ya matumbo, humuua bakteria kwa kisu chake mwenyewe. DNA yake ni uzi pacha uliosokotwa, na bakteria ana kimeng'enya cha kuulegeza: hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine katika mwanya, kisha huunga. Sipro hukinasa kimeng'enya hicho kikiwa kimeshakata na hakijaunga. Mionzi ya gama nayo huishia kuukata uzi uo huo, ila yenyewe haihitaji kimeng'enya.

Bakteria hakai kusubiri kifo. Ncha zilizokatika hutafunwa kidogo hadi upande mmoja ubaki na uzi mtupu. Protini iitwayo RecA huuzungukia uzi huo na kwenda nao kutafuta nakala nzima ya sehemu ile ile, kisha kilichopotea hunakiliwa kutoka hapo herufi kwa herufi. Ni ukarabati safi kabisa. Bingwa wake ni Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa Oregon, Marekani, mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyooza ingawa ilikuwa imepigwa mionzi. Huyu hustahimili mionzi ya grei 5,000, wakati grei 5 tu za mwili mzima zaweza kumuua binadamu. Kromosomu zake hukatikakatika vipande mamia, naye huviunga upya kwa saa chache.

Huyo anastaajabisha, lakini kwangu mimi wa kuogopwa ni Escherichia coli, mpangaji wa kila siku wa matumbo yetu, kwa sababu ukarabati wake una ngazi ya pili ambayo si safi hata kidogo.

Siku za amani, protini LexA hukalia jeni zipatazo 40 za bakteria huyu na kuzinyamazisha. RecA ikishauzungukia uzi mtupu, LexA inayoigusa hujikata yenyewe, na jeni huanza kuamka, ila si zote kwa mpigo. Hutangulia za mafundi makini, wanaokata kipande cha herufi 12 au 13 chenye kidonda na kukijaza upya. Nyingine huzuia bakteria asigawanyike, ndiyo maana ukimtazama kwa darubini unamkuta amerefuka kupita kiasi. Uharibifu ukizidi, huingia Pol V. Kimeng'enya hiki cha kunakili DNA kikikuta herufi iliyoharibika hakisimami. Huweka herufi nyingine mbele yake, iwe sahihi isiwe sahihi, kikaendelea. Miroslav Radman aliuita mfumo huu mwitikio wa SOS katika miaka ya 1970, akijenga juu ya kazi za Evelyn Witkin.

Makosa mengi ya Pol V hayamsaidii bakteria chochote, na mengine humuua. Ila katika mamilioni ya bakteria, linatosha kosa moja linalobadili umbo la kile kimeng'enya cha kulegeza msokoto, sipro ikakosa pa kushika. Na SOS haihitaji dozi kamili ili iamke: hata kiasi kisichotosha kuua huiamsha. Wanaogawana vidonge nusu kwa nusu wakadhani wamebana matumizi wanawapa bakteria mazingira hayo hasa.

Bakteria wa kifua kikuu hana Pol V. Ana DnaE2, inayofanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 2003 Valerie Mizrahi wa Johannesburg na wenzake walionyesha kwamba ikiondolewa, usugu dhidi ya dawa ya rifampisini hujitokeza kwa uchache katika panya walioambukizwa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Marekani waliwaambukiza panya E. coli ambaye LexA yake haiwezi kujikata, wakawatibu kwa sipro. Usugu haukujitokeza.

Ndiyo maana wapo wanaotafuta dawa ya kuzima SOS, inywewe pamoja na antibayotiki. Kuilenga RecA kuna mtego wake: seli zetu zina RAD51, ndugu yake wa ukoo, inayounga DNA yetu inapokatika. Dawa itakayoshindwa kuwatofautisha ndugu hawa wawili itamwacha mgonjwa bila fundi wake mwenyewe, kwa hiyo wengine wameigeukia LexA.