Stima Katika Nyumba ya Kupanga: Kagua Kabla Hujahamia

Leo tunaweka kando chanjo na lishe, tuzungumzie stima ya nyumba unayopanga. Stima ya majumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Inaweza kuusimamisha moyo wa mtu mzima, sembuse wa mtoto anayetambaa.

Kukagua si lazima uwe fundi. Bisibisi iache, wala usifungue chochote. Tumia macho, pua na masikio, na ikiwezekana fanya hivyo kabla hujalipa diposi.

Anza chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Soketi yetu ya matundu matatu ina vifuniko vidogo ndani ya matundu mawili ya chini. Vifuniko hivyo hufunguka pini ndefu ya plagi inapoingia tundu la juu. Sasa wewe una chaja ya pini mbili. Unafanya nini? Unachomeka kijiti au kalamu tundu la juu ili chaja iingie. Mama, hapo umeufungua mlango. Kijiti kikisahaulika, mtoto akaja na msumari au kijiko, hakuna cha kumzuia. Tena anakuona, naye ataiga. Adapta nzuri ya pini tatu haishindi bei ya matibabu.

Tazama pia rangi. Soketi yenye weusi kama moshi, au plagi iliyoanza kuyeyuka, inaonyesha kuna waya uliolegea au mzigo uliozidi. Mara nyingi pua hujua kwanza: plastiki ya stima ikichemka hunuka kama samaki, na hujapika samaki. Ukisikia soketi ikitatarika, zima na usiitumie tena. Swichi kubwa ikianguka kila mara, usiishikilie kwa kamba wala kuiwekea waya. Inaanguka kwa sababu inakulinda.

Na ekstensheni? Soketi moja hubeba takriban wati 3,000. Birika la stima linaweza kula 2,000, na koili ya kuchemsha maji 1,500. Jumlisha mwenyewe. Idadi ya wati imeandikwa kwenye kifaa chenyewe.

Kwa nyumba za mabati, fuata waya kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye taa. Mahali unapopita ukingo wa bati bila bomba la plastiki, bati huukwaruza pole pole hadi shaba ionekane. Siku hiyo ukuta mzima unaweza kuwa na stima, pamoja na waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye ukuta huo.

Maji ndiyo yanayotisha zaidi. Koili ikiwa ndani ya ndoo, usipime joto kwa kidole. Zima, chomoa, ndipo uguse. Bomba la shawa ya stima likikuwasha vidole, usiseme ni kawaida. Huenda waya wa kupeleka stima ardhini haupo au umekatika, na usimwogeshe mtoto hapo hadi fundi aje. Kwenye kisanduku cha swichi kubwa, tafuta kitufe kilichoandikwa T au TEST. Ukikibonyeza, stima inapaswa kupotea mara moja. Nyumba nyingi za zamani hazina kifaa hiki, na ni haki yako kumwuliza mwenye nyumba.

Ukiona kasoro, mwandikie mwenye nyumba au ajenti ujumbe wa simu, uuhifadhi. Maneno ya mlangoni husahaulika. Akileta fundi, mwombe kwa heshima akuonyeshe leseni ya EPRA, kwa maana sheria inataka fundi wa stima awe nayo. Wengine watakuita msumbufu. Waache wakuite.

Je, mtoto akishikwa na stima? Usimguse! Kimbilia swichi kubwa uizime. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa fimbo ya ufagio iliyokauka au kiti cha plastiki. Asipopumua, aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua, huku mwingine akitafuta gari. Penye kuungua, mwagia maji safi yasiyo barafu kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Hata akiamka na kucheza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa stima huweza kuunguza ndani pasipoonekana na kuvuruga mapigo ya moyo.