Chai ya viungo: utamu mwingi uko puani, si kwenye sukari

Mara nyingi nikimwuliza mgonjwa wa kisukari anakula nini, hujibu kwa kujiamini kwamba vitu vitamu aliviacha zamani. Halua hali, visheti hali, soda hanywi. Nikifika kwenye chai hunyamaza kidogo. Chai ya rangi yenye viungo, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, vikombe vinne baina ya alfajiri na isha!

Tufanye hesabu. Kijiko kimoja cha chai hubeba sukari gramu 4 hivi, kwa hiyo vijiko 12 ni karibu gramu 48. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote itokanayo na chakula, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima hiyo ya pili ni kama vijiko 6 kwa siku. Mgonjwa wetu amezidisha maradufu, na bado anasema hali vitamu.

Tusimlaumu, maana chai hiyo ni tamu kweli. Lakini jaribu jambo hili nyumbani. Bana pua kwa vidole, kisha unywe funda moja. Utasikia ukali wa majani, utasikia tangawizi ikichoma koo, lakini iliki na mdalasini vitapotea kabisa. Achia pua, na papo hapo ladha ya halua inarudi. Viungo hivyo havikuongeza utamu kwenye ulimi, ni harufu. Iliki na kungumanga ndivyo vinavyotiwa kwenye halua, na tangu utotoni tumezoea kuvipata pamoja na sukari, basi harufu ikifika tu, akili hutangulia kuonja utamu. Tangawizi (ndiyo zanjabil iliyotajwa katika Surat Al-Insaan, aya ya 17) kazi yake ni mchomo.

Kwa hiyo tuitumie harufu hiyo. Kwa vikombe vinne vya maji, ponda iliki nne au tano pamoja na maganda yake, tia kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, kipande cha tangawizi na karafuu mbili, zisizidi, kwani karafuu hufunika vyote. Funika sufuria, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi. Epua, ndipo utie majani, ufunike tena dakika tatu au nne, kisha uchuje. Wengi wetu huyachemsha majani mpaka maji yawe meusi, na hapo ndipo linapoanzia tatizo. Majani yakichemka sana hutoa ukali mwingi unaokausha ulimi, na dawa ya ukali huo huwa ni kuongeza sukari. Chai isiyochemshiwa majani hukubali kijiko kimoja. Usishuke kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Kungumanga likwangue kidogo tu, mwishoni, kama kukolezea. Likiliwa kwa wingi huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na wanazuoni wa fiqhi wamelijadili kwa sababu hiyo hiyo ya kulevya kwake linapozidi. Watoto wasiachiwe kulichezea.

Liko jambo jingine, nalo linawahusu zaidi akina mama. Ule ukali wa majani ya chai hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na nafaka, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Mjamzito anayeshushia kila mlo kwa chai, na mtoto anayekula mkate kwa chai asubuhi na jioni, wako katika hatari ya kupungukiwa damu hata kama chakula kipo. Watoto wadogo wasipewe chai kabisa. Mama naye aisogeze mbali na chakula, angalau saa moja, na mezani aweke chungwa au maji ya ndimu, ambavyo husaidia madini hayo kuingia. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki navyo avimeze kwa maji, si kwa chai. Mwezi wa Ramadhani, birika likae jikoni mpaka baada ya tarawehe.